Nairobi Ilijengwa Kwanza, Mtaro Baadaye

Mvua ya Aprili ikianza tu, video ni ileile. Besimenti ya fleti fulani Kilimani ama Kileleshwa, magari yamezama hadi kwenye taa, na mlinzi anasukuma maji na ufagio kana kwamba anapigana na Ziwa Victoria. Chini ya video, wengine wanalaumu kaunti, wengine wanamlaumu mjengaji, na hakosi mmoja wa kusema ni laana. Mimi naona tunaanza hadithi katikati. Kesi ya maji ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1899 na bado iko kortini.

Twende tao kidogo. Mei 1899 reli kutoka Mombasa ilifika mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Soma hilo jina tena. Mahali penyewe panaitwa maji! Mainjinia wa reli, wakiongozwa na George Whitehouse, walikuwa wanatafuta uwanja tambarare wa kupanga mabehewa, karakana na nyumba za wafanyakazi kabla reli haijaanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Tambarare wakaipata. Shida ni kwamba maji nayo hupenda tambarare. Kando ya Mto Nairobi kulikuwa na kinamasi cha mafunjo, na uwanda wa kusini na mashariki ni ule udongo mweusi wenye mafundi huita blakikotoni: ukinyeshewa unavimba na kukataa kunywa, ukikauka unapasuka mpaka unaweza kupoteza simu kwenye ufa.

Kwa treni, hapo palikuwa sawa. Kwa binadamu anayeenda choo kila siku, hapana.

Bazaa ya Wahindi ilikaa karibu na kinamasi, imebanana, bila mitaro ya maana. Mwaka 1902 tauni ikaingia, na jibu la wakubwa likawa kuichoma bazaa. Kuchoma ni rahisi kuliko kuchimba. Madaktari waliendelea kulalamika kwamba mji uko mahali pabaya, na mwaka 1906 kamishna James Hayes Sadler akapeleka kilio hicho London, kwenye ofisi ya makoloni, ambako Winston Churchill alikuwa naibu wa waziri. Wakati huo Nairobi ilikuwa na watu 11,000 na ushei. Mwaka uliofuata Churchill mwenyewe akaja kuuona, na kwenye kitabu chake cha 1908, My African Journey, akaandika kwamba sasa muda wa kubadilisha umepita.

Eti muda umepita! Mji wa miaka tisa. Mimi niko na ishirini na mbili, niliacha kampasi, na bado shangazi zangu wananiambia niko na muda wa kujipanga.

Na si kwamba dunia ilikuwa haijui la kufanya. Chicago, kule Marekani, ilikaa palepale Nairobi ilipokaa: bwawani, tambarare, karibu usawa mmoja na ziwa. Bomba la maji taka likitaka kuteremka, halina mahali pa kuteremkia. Mwaka 1854 kipindupindu kikawapiga vibaya. Mwaka 1855 wakamleta injinia Ellis Chesbrough, naye akapendekeza kitu ambacho ungesikia leo ungedhani ni mzaha. Kama huwezi kuzika sewa chini ya mji, laza sewa juu ya barabara, ifunike na udongo, kisha uinue mji. Na wakauinua. Majengo ya matofali yalipandishwa kwa jeki za skrubu, mamia kwa wakati mmoja, watu wakizungusha kwa pamoja, na kuna hoteli iliyoinuliwa wageni wakiwa ndani. Chicago wakati huo ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko Nairobi ya 1906. Kwa hiyo mtu akikuambia muda ulikuwa umepita, muulize umepita kwa nani.

Wakubwa wenyewe hawakungoja jibu. Walipanda mlimani, magharibi, kwenye udongo mwekundu na hewa safi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson akaja kuchunguza afya ya mji, na dawa aliyotoa ni kutenganisha makazi kwa rangi. Yaani ukosefu wa mitaro uligeuzwa kuwa sababu ya ubaguzi. Ndiyo maana Upper Hill, Kilimani, Kileleshwa na Lavington zikawa kama zilivyokuwa: nyumba moja kwenye ploti kubwa, bustani, miti ya jakaranda, na shimo la septiki nyuma. Septiki na ploti kubwa vinaenda pamoja, kwa sababu ardhi ndiyo inayokunywa maji yako. Familia moja, nusu ekari, udongo unaweza. Fleti themanini kwenye nusu ekari hiyohiyo, udongo unakuangalia tu.

Sewa ilikuja baadaye, kipande kwa kipande, na ilifuata njia ya pekee inayowezekana: chini ya mlima, kando ya mito, kuelekea mashariki. Ukivuta maji ya choo Lavington, mwisho wake ni Eastlands na kwingineko mashariki, kwenye mitambo ya Kariobangi ama mabwawa ya Ruai. Wanaoishi juu wanasahau. Wanaoishi chini hawawezi kusahau, harufu haiwaruhusu.

Mwongozo wa ujenzi wa jiji wa mwaka 2004 ulikubali fleti huku kwetu magharibi, lakini pale penye sewa tu, na ghorofa zisizidi nne. Simama Kilimani leo uhesabu ghorofa. Nitakungoja. Na kila jengo refu linachimba besimenti mbili tatu za magari, kwenye mteremko, juu ya mwamba wa volkano ambao hauruhusu maji kushuka, kwa hiyo maji yanapita juu ya mwamba, kwa ubavu, mpaka yanakutana na ukuta wako. Westlands kulikuwa na jumba la maduka la Ukay, limekaa kwenye ardhi ya mto. Agosti 2018 tingatinga zikaliangusha.

Sasa niwaambie kwa nini nimezama hivi kwenye mambo ya sewa, maana inbox imejaa maswali.

Sisi ni watatu, tunarekodi podikasti na video. Tumepata nyumba ya zamani Kileleshwa, kwenye mteremko unaoshuka upande wa Mto Kirichwa, na chini yake kuna stoo kubwa, nusu imezama ardhini. Mama mwenye nyumba amekubali tuigeuze studio, bora tuweke na bafu na choo. Akiba yetu yote ya mwaka mmoja na nusu iko hapo. Mkandarasi wa kwanza alikuja na orodha: taili, rangi, taa, dari ya kuzuia kelele, na kwenye kona moja ya karatasi ameandika "choo". Hivyo tu. Choo. Kama ni kiti unaleta unaweka.

Rafiki yangu akamleta fundi wa bomba kutoka Kawangware, mzee wa miaka sitini hivi. Hakuingia hata stoo. Alisalimia, akauliza, "Kijana wangu, manholi ya kutokea iko wapi?" Tukamwonyesha ile ya karibu na geti. Akaifungua na nondo, akaingiza fito, akapima. Halafu akachukua paipu ndefu ya plastiki inayoonyesha ndani, akaijaza maji, tukashika ncha moja getini na nyingine mlangoni kwa stoo. Maji kwenye ncha mbili hukaa usawa mmoja, kwa hiyo ukipima kutoka hapo unajua nini kiko juu ya nini. Hiyo teknolojia ni shilingi mia mbili, na inajibu swali ambalo besimenti nyingi za mji huu hazikuulizwa.

Hesabu ilikuwa hivi. Chini ya manholi kulikuwa sentimita 110 kutoka usawa wetu. Sakafu ya stoo ilikuwa sentimita 130. Bomba la choo linahitaji kupita chini ya sakafu, tuseme sentimita 30 zaidi, hiyo ni 160. Kutoka stoo hadi geti ni mita 18, na bomba la inchi nne linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, kwa hiyo ongeza 45. Jumla 205. Manholi iko 110. Tulikuwa chini ya sewa kwa karibu mita moja.

"Uchafu haupandi ngazi," mzee akasema, akafunga manholi.

Ukilazimisha, bomba lilale kinyume, uchafu unatulia ndani. Na kuna baya zaidi. Sewa ya barabarani ikiziba, na mvua ikaingia humo kwa sababu watu wameunganisha mabomba ya paa kwenye sewa (hairuhusiwi, lakini twendeni tu), maji taka yanapanda yakitafuta tundu lililo chini kuliko yote. Hayatangoja kufika kwenye kifuniko cha barabarani. Tundu la chini kuliko yote ni shimo la bafu lako la besimenti. Mtaa mzima unajisaidia, na wewe ndiye unapokea.

Kuna valvu ya kuzuia maji kurudi, na wauzaji wa vifaa watakuambia hiyo inatosha. Inasaidia. Lakini ikijifunga, maji yako pia hayatoki, kwa hiyo ukiendelea kuoga unajifurikisha mwenyewe. Kwa sakafu iliyo chini ya sewa, njia ya uhakika ni tangi dogo lililofunikwa vizuri, lenye bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa, na pampu ya maji taka inayojiwasha tangi likijaa. Bomba la kutoa lipande kwanza juu ya usawa wa barabara ndipo literemke kwenye sewa, ili mtaa ukijaa usirudi kwako. Maji ya mvua na ya ukutani yawe na shimo lake na pampu yake, yasichanganywe na ya choo. Na hapo ndipo Nairobi inacheka: mvua kubwa ikija, stima nayo inaenda. Pampu bila betri ama jenereta ni pambo.

Tulipiga bei ya hayo yote na tukanyamaza kidogo. Kisha mama mwenye nyumba akauliza swali la maana kuliko yetu sote: mbona choo lazima kiwe chini? Nyuma ya jikoni yake kuna chumba cha kufulia, kiko juu, bomba lake tayari linashuka lenyewe hadi getini. Choo na bafu vitaenda huko. Mkandarasi wa kwanza amekasirika kwa sababu orodha yake imepungua. Sisi watatu tutapanda ngazi kumi na moja kila tukitaka kujisaidia, na mmoja wetu amenuna tangu siku hiyo kwa sababu alikuwa ameshachagua sinki.

Stoo itapata kitu kimoja tu cha maji: mtaro wa kokoto nje, kando ya ukuta wa upande wa juu, wenye bomba la vitobo chini yake, kupeleka maji bustanini kwa mteremko kabla hayajagusa jiwe la nyumba. Mzee amekataa kuuchimba sasa. Anataka aone mvua ya Novemba ikipiga ule ukuta kwanza, ajue maji yanaingilia wapi. Tumechora mistari ya chaki ukutani, sentimita tano kwa tano, kuanzia sakafuni. Taili bado ziko dukani.