Mwalimu wa hesabu aliyetaka kutoroka maktaba

Wasee, kabla hamjaniuliza tena kwa nini niliacha chuo, leo nina stori ya mtu mwingine. Yangu itaingia huko mbele.

Mwaka wa 1924, Chuo Kikuu cha Madras kule India kilikuwa kinatafuta mkutubi. Kazi ikamwangukia S. R. Ranganathan, mwalimu wa hesabu wa miaka 31. Mambo ya maktaba hakuwa ameyasomea hata kidogo. Shida ni kwamba kufundisha kulilipa vibaya, na hii kazi ililipa poa. Si unajua hiyo hesabu?

Akaripoti, akakaa mezani, akangoja watu. Watu hawakuja. Hazikupita siku nyingi akarudi kwa wakubwa wake wa zamani kuomba arudishiwe darasa lake. Wakamwambia aende kwanza Uingereza kusomea hiyo kazi; akirudi na bado haipendi, wataongea.

Alisoma University College London, halafu akazunguka maktaba nyingi sana za Uingereza. Huko ndiko aliona kitu Madras haikuwa nayo: maktaba zenye watu. Wafanyakazi, watoto, wasomi, kila mtu akiingia na kuhudumiwa. Akashtuka kwamba vitabu vyenyewe havikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mkutubi anayekaa mezani akingoja.

Kitu cha pili alikipata dukani. Ndani ya Selfridges, London, aliona Meccano, ile toi ya vipande vya chuma vyenye matundu, skrubu na nati. Vipande ni vilevile, lakini mtoto anaweza kuunda kreni leo na lori kesho.

Sasa sikiza kwa nini hiyo ni muhimu. Maktaba nyingi zilipanga vitabu kwa mfumo wa Melvil Dewey wa 1876, ambapo kila somo lina kisanduku chake kimeshaandaliwa. Lakini sayansi haikai kwenye visanduku. Chukua kitu kama kutu kwenye nguzo za daraja la baharini. Hiyo ni kemia? Ni uhandisi wa ujenzi? Ni mambo ya chuma? Ranganathan akasema tusiandae visanduku. Tuandae vipande: kitu chenyewe, kimetengenezwa na nini, kinafanyika nini, wapi, lini. Mkutubi anaviunganisha kulingana na kitabu alichoshika. Mfumo wake ulitoka 1933, ukaitwa Colon Classification, kwa sababu vipande viliunganishwa na alama ya nukta mbili.

Ukinunua viatu kwa simu, unachagua saizi, halafu rangi, halafu bei. Wazo ni lilelile la kuvunja kitu kwa sifa zake, na watu wa maktaba walikuwa nalo kabla kompyuta haijafika.

Alirudi Madras mwaka wa 1925, na darasa la hesabu hakuliomba tena. Mwaka wa 1931 akatoa kitabu cha sheria tano za kazi ya maktaba. Nikikupa kwa lugha yangu, moja inasema usimpotezee msomaji muda wake. Ni sheria ya mtu aliyefundisha hesabu na kujua mwanafunzi akikwama saa tatu kwenye hatua moja, anafunga daftari. Kwa Ranganathan, kumfikisha msomaji kwa kile anachohitaji ndiyo kazi yenyewe ya mkutubi. Ukimsaidia, si hisani.

Haya, yangu sasa.

Nilikuwa mwaka wa pili, uhandisi wa ujenzi. Kikundi chetu kilipewa asaimenti ya ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasua kuta za nyumba. Tuligugo wiki mbili. Kila makala ya maana ilitaka dola. Mwishowe tukatumia vijitovuti vya makontrakta wa nchi zingine, na leki akatupa alama za huruma.

Nilipoacha chuo, nilihitaji sahihi ya maktaba kwenye fomu ya kutoka. Madam wa pale akaniuliza nilikuwa nasomea nini. Sijui kwa nini, nikamwambia habari za ule udongo. Akavuta kiti, akaandika maneno matatu ambayo hatukuwahi kuyafikiria, akachuja kwa mwaka na kwa nchi. Dakika kumi, makala zikajaa hapo, zingine za udongo wa hapa Kenya. Chuo kilikuwa kimeshalipia.

"Na mbona hamkuja kuuliza, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Miaka miwili nilidhani yupo pale kukagua mabegi na kunyamazisha watu. Halafu akatia sahihi.

Sitadanganya ati angeniokoa. Karo ndiyo ilinitoa. Lakini zile wiki mbili zilinifanya niamini mimi ni mjinga, na hiyo imani nilitoka nayo chuoni. Kumbe sikuwa mjinga. Nilikuwa tu sijui pa kuuliza.

Pia sitasema makosa yote yalikuwa yangu. Tulionyeshwa maktaba siku moja tu, wiki ya kwanza, tukiwa mia kadhaa kwenye ukumbi, kabla hatujapewa swali hata moja la kutafutia majibu. Mkutubi angeingia darasani siku ile asaimenti inatolewa, ingekuwa stori nyingine. Ranganathan alishang'amua hilo karibu miaka mia iliyopita: ukikaa mezani kungoja, hawaji.

Vyuo vyetu vingi hununua majarida ya kidijitali kwa pamoja, kupitia muungano wa KLISC. Kwa hivyo komredi, kabla ulipie makala au uamini ukurasa wa kwanza wa gugo, panda hizo ngazi. Mwambie madam au mzee wa pale swali lako lote, hata kama unaona ni la kijinga. Na uende ukiwa bado mwanafunzi, si siku ya fomu ya kutoka kama mimi.