Karo si kizingiti pekee kwa ngumbaru
ELIMU ya watu wazima, maarufu kama ngumbaru, haikwamishwi na karo pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2006 ulibainisha kuwa asilimia 38.5 ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa wamefikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Kibarua akienda darasani alasiri hupoteza ujira. Wengine, na si haba, huona haya kukosolewa na mwalimu wa rika la watoto wao. Marehemu Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, aliishinda haya hiyo. Kilichomtatiza ni ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizomfurusha hadi kambini. Aliendelea kusoma, akahamia Nairobi, lakini akafariki Agosti 2009 kabla ya kuhitimu darasa la nane.