Mota, Mkanda na Daraja la Rusumo

Nilitoka Nyamiaga alfajiri, umande bado unadondoka kwenye migomba, Nikon F3 begani na mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe mfukoni. Nilikuwa naifuata njia ya wapiga picha wa mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda: Ngara, Benaco, hadi Daraja la Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda. Nilichukua kamera ya zama zao makusudi, kwa kuwa naamini chombo kina mkono wake katika yale tunayoyakumbuka.

F3 ilitoka mwaka 1980, ikauzwa hadi 2001. Mota yake, MD-4, inafungwa chini: unatoa kifuniko kidogo kwenye kitako cha kamera, unakaza skrubu, unapakia betri ndogo 8 za kawaida. Ukiongeza lenzi, mzigo unapita kilo moja na nusu, na kwenye vilima vya Ngara shingo itakukumbusha. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, shata inafunguka na kujifunga, kioo kinarudi chini, mota inavuta mkanda. Yote hayo mara 4 hivi kwa sekunde, kwa mlio kama wa cherehani inayoshona jinzi.

Bila mota, mpiga picha huvuta mkanda kwa kidole gumba baada ya kila picha, na mara nyingi jicho hutoka kwenye tundu huku kinachopigwa kikimpita. Mota ililiacha jicho palepale. Lakini mkanda wa picha 36 unaisha kwa sekunde 9, na ndiyo maana MD-4 ina kihesabio kinachohesabu kurudi nyuma: zimebaki 20, zimebaki 5, basi. Anayetumia kamera hii hujifunza kubana kidole.

Benaco nilifika malori yakiwa yamejipanga kando ya barabara, madereva wa safari za Dar es Salaam na Kigali wanakunywa chai. Jina hili ni la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka kutoka Rwanda katika muda wa saa 24, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halikuwa limewahi kuona watu wengi kiasi hicho wakihama kwa kasi hiyo. Vilima hivi viligeuka kambi, vikafunikwa na turubai na moshi. Miti ya wenyeji ikaishia mafigani.

Sebastião Salgado, Mbrazili, alikuwa miongoni mwa waliofika. Alisomea uchumi, na kabla hajawa mpiga picha alifanya kazi katika Shirika la Kimataifa la Kahawa, kazi iliyomfikisha Rwanda mapema miaka ya 1970. Kwa hiyo alirudi katika nchi aliyoijua ikiwa na mashamba. Alipiga kwa Leica za mfululizo wa R, nazo ni za kioo kama hii yangu, na picha za Benaco zimo katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu watu wanaohama. Aliyoyaona Rwanda na kambini yalimvunja. Alikwenda kwao, yeye na mkewe Lélia wakaanza kupanda upya msitu kwenye shamba la wazazi wake. Alifariki Mei 2025.

Nazithamini picha zile, lakini kuna jambo ambalo mota haiwezi kulifanya hata ikipiga mara 4 kwa sekunde. Katika umati wa Benaco alikuwemo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Rusumo, ng'ambo tu ya daraja. Fergal Keane wa BBC alimkuta hapa kambini akamhoji kuhusu mauaji ya kanisani Nyarubuye. Gacumbitsi alikamatwa nchini Tanzania mwaka 2001, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya kesi za Rwanda ilimpa kifungo cha maisha. Kwenye picha, aliyekimbia panga na aliyelishika wamefunikwa na turubai moja. Anayewatenganisha ni shahidi mwenye jina, tarehe na mahali.

Rusumo niliiteremsha kamera, maana mpakani hapapigwi picha ovyo ovyo. Maji ya Mto Kagera ni ya rangi ya udongo, na ngurumo ya maporomoko inayafunika maneno. Daraja la sasa si lile la 1994; limejengwa jipya. Hapa ndipo Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipoingilia Rwanda mwaka 1894, miaka 100 kabla ya wakimbizi kuja kinyume chake. Mwaka ule wa 1994 mto ulibeba maiti hadi Ziwa Viktoria.

Nikirudi, bibi mmoja muuza ndizi alinisimamisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaitazama kamera kwa muda. Akaniuliza picha walizopigwa zamani zile zilikwenda wapi, kwa sababu yeye hajaletewa hata moja. Nilimweleza kwamba mikanda ilisafirishwa kwenda kusafishwa mbali, na nigativu zikabaki huko. Alitikisa kichwa. Kwenye mkanda wa mwisho nilikuwa nimebakiwa na picha 7. Nikampiga moja tu, nikaandika daftarini jina lake, kijiji chake na tarehe; nakala nitampelekea mwenyewe.

Msomaji wa Ngara, kama una picha ya miaka ile sandukuni, au nigativu kwenye kopo la mkanda, usiitupe. Andika nyuma ya picha, kwa penseli laini, mahali, mwaka na majina ya waliomo. Nigativu iweke kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Unyevu huotesha ukungu, nao huila. Na kama wazee waliomo bado wapo hai, waulize wiki hii.