Mwana wa karatasi

Ni msemo wa Wachina wa Marekani. Sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua kutoka China, ila mtoto wa raia aliruhusiwa kuingia. Mwaka 1906 tetemeko na moto viliteketeza rekodi za vizazi San Francisco. Wachina wengi wakadai wamezaliwa humo, hivyo ni raia, kisha wakaandikisha wana walioko China, hata wasiokuwapo. Nafasi za wana hao wa kubuni ziliuzwa. Mnunuzi alikariri kijiji kisicho chake: kisima kiko wapi, jirani ni nani, maana maofisa wa kituo cha uhamiaji cha Angel Island waliuliza yote hayo. Siwaiti waongo, sheria yenyewe ilikuwa dhuluma. Ilifutwa 1943. Serikali ilipowataka waungame, kuanzia 1956, baadhi walirudia majina ya ukoo. Wengine walibaki na ya karatasi, na wajukuu wanayatumia hadi leo.