Mikono Miwili ya Mpiga Ngoma wa Uskoti

Wengi wetu tumepata kusikia habari za zumari za Waskoti, zile zenye mfuko ubanwao kwapani. Lakini habari za mpiga ngoma aendaye pamoja nazo ni wachache wazijuao. Basi leo twapenda kueleza asili ya ngoma ile, na jinsi mtu ajifunzavyo kuipiga.

Hapo kale ngoma ya jeshi la Uingereza haikuwa ya kuchezea. Vitani sauti ya mkubwa haikufika mbali kwa kishindo cha bunduki. Mlio wa ngoma ndio uliowaambia askari wajipange, waende mbele au warudi. Mpigaji akikosea, aliwapoteza wenzake. Ndiyo sababu mafundisho yake yalikuwa makali. Mwaka 1854 serikali ilikubali rasmi wapiga zumari katika vikosi vya Waskoti wa milimani, na baadaye zumari na ngoma zikawa bendi moja. Mwaka 1930 bendi hizo ziliunda chama chao huko Uskoti.

Ngoma yenyewe ina nyuso mbili, na nyuzi zilizokazwa ndani yake huufanya mlio uwe mkali. Zamani ilitundikwa kwa ukanda, ikainama upande. Kwa hiyo mkono wa kushoto haukuweza kushika fimbo kama wa kuume. Kiganja chake hutazama juu, na fimbo hulala penye shina la kidole gumba. Siku hizi ngoma haiinami tena, walakini wapigaji wengi wameishika desturi hiyo.

Mwanafunzi haanzi na ngoma. Hupewa fimbo mbili na kibao chenye mpira juu yake. Kwanza hupiga kuume, kushoto, kuume, kushoto, fimbo zikiinuka kimo kimoja, hata sikio lisitambue ni mkono upi uliopiga. Kisha hupiga mara mbili kwa kila mkono. Waingereza wa kale waliyaita mapigo hayo baba na mama. Kisha huyachanganya: kuume, kushoto, kuume, kuume, kushoto, kuume, kushoto, kushoto. Mwisho huibana fimbo kidogo ili irukeruke yenyewe, na mapigo yakawa mvumo mmoja.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwani mkono wa kuume ni mwenyeji, na wa kushoto ni mgeni. Mwalimu mwema hamruhusu mwanafunzi kukimbia kwa ule wenye nguvu. Mwendo wa mikono yote miwili ni mwendo wa ule ulio dhaifu, mpaka nao upate nguvu.

Aliyeutukuza sana ufundi huu ni Alex Duthart (1925–1986), mpigaji mkuu wa bendi ya Shotts and Dykehead. Ingawa alikuwa bingwa, hakuona haya kujifunza kwa wageni, akachukua mengi kwa wapigaji wa Basel, mji wa Uswisi. Maandiko ya ngoma yaliyotoka huko yana mstari mmoja tu: mapigo ya kuume huandikwa juu yake, ya kushoto chini yake, wala hakuna mkono uliosahauliwa.

Sisi waalimu mara nyingi twaenda upesi pamoja na mtoto hodari, na yule mzito twamwacha nyuma. Mwalimu wa ngoma hawezi kufanya hivyo, kwani kosa lake lingesikika papo hapo. Wazee wetu walisema, mkono mmoja haulei mwana. Nasi twaona kwamba haupigi ngoma pia.