Bugobogobo
Bugobogobo ni ngoma ya jembe ya Wasukuma, inayochezwa Bariadi na kwingineko katika Mkoa wa Simiyu, pamoja na Mwanza na Shinyanga. Mwendo wake hutokana na kazi: ngoma kubwa hupigwa shambani kando ya wakulima, na mapigo yakikazwa, majembe nayo huongeza kasi. Rekodi ya sauti pekee huipunja sana, kwani majembe yanayorushwa juu na kudakwa ni sehemu ya muziki wenyewe. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa waimbaji, huanzisha wimbo kwa kimo kinachoifaa sauti yake, kundi likaitikia. Hisia za ngoma hii ni za majigambo na ushindani, hasa baada ya mavuno, vyama pinzani vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vinapogombea watazamaji.