Somo la Kuchora kwa Macho Yaliyofumbwa

Mwaka 1912, Marion Richardson, binti wa miaka 19, aliajiriwa kufundisha uchoraji katika shule ya upili ya wasichana ya Dudley, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma katikati ya Uingereza. Somo hilo lilikuwa bado limebeba mzigo wa karne ya 19. Mtoto aliwekewa koni, mchemraba au jagi, akanakili mistari yake mpaka ifanane, na mwalimu akasahihisha. Lengo lilikuwa kuzoesha mikono ambayo baadaye ingechora nakshi za vitambaa na vyombo vya viwandani. Kama mwenye mkono huo ana lolote la kuwaza, mtaala haukuuliza. Richardson aliliweka jagi pembeni. Aliwaambia wasichana wafumbe macho, kisha akawasimulia mahali fulani polepole: mtaa ulivyo, mwanga unatokea upande gani, kuta zina rangi ipi, kivuli kinaangukia wapi. Walikaa kimya mpaka picha ikawajia, kila mmoja ya kwake, ndipo wakashika brashi.

Mbinu hiyo ilikuwa na asili yake. Robert Catterson-Smith, aliyemfundisha Richardson katika chuo cha sanaa cha Birmingham, alikuwa akiwaonyesha wanafunzi picha ukutani kwa taa, akiizima, kisha akiwataka waichore kwa kumbukumbu huku wamefumba macho. Richardson aliiondoa picha yenyewe, akabakiza maneno. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililoligeuza zoezi la kumbukumbu kuwa zoezi la ubunifu, kwa sababu mwanafunzi sasa alilazimika kujenga akilini kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha. Mwaka 1917 alizipeleka kazi za wanafunzi wake London kwa Roger Fry, mhakiki aliyewafungua Waingereza macho kuhusu mchoraji Cézanne na wenzake. Fry alivutiwa mno, akazionyesha katika Omega Workshops, karakana yake ya sanaa.

Naikazia habari hii kwa sababu inapinga imani mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni ile ya jagi, kwamba kufundisha kuchora ni kufundisha kunakili. Ya pili ina mvuto zaidi, na wazazi wengi wapole wanaishika hadi leo: kwamba mtoto huzaliwa msanii, na wajibu wa mtu mzima ni kumwachia rangi na kujitenga. Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na darasa la watoto aliloanzisha Franz Cižek mjini Vienna mwaka 1897, ambako mwalimu alisifiwa kwa kutoingilia. Ila wakosoaji waliotazama kazi za darasa hilo waliona zinafanana mno, ishara kwamba mkono wa mwalimu ulikuwemo hata pale uliposemekana haumo. Richardson hakujificha. Alifundisha waziwazi, akapanga kila neno la simulizi yake, na bado picha zilitoka tofauti. Ubunifu wa mtoto, basi, haumei kwa kuachwa peke yake. Hulishwa, na anayeulisha anaweza kufanya hivyo bila kuamuru utazaa nini.

Miongoni mwa waliosomea ualimu kwa Richardson mjini London katika miaka ya 1920 alikuwa Margaret Trowell. Alikuja Kenya mwaka 1929 na mumewe daktari, akaishi kwa Wakamba huko Machakos, kisha wakahamia Uganda, na mwaka 1937 akaanza kufundisha sanaa katika chuo cha Makerere. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilikuwa imehimiza elimu ya vitendo, na katika shule nyingi jambo hilo liliishia kuwa mikeka, vikapu na useremala. Kazi hizo ni za heshima, lakini zilipofundishwa kama mazoezi ya mikono tu, jagi la Dudley lilikuwa limerudi kwa sura nyingine. Trowell alianza na simulizi: maisha ya kijijini, visa vya Biblia. Naamini kwamba hapa mbinu hiyo ilikuta ardhi iliyokwisha kulimwa. Aliyekulia kwenye hadithi za jioni, akalijenga zimwi kichwani mwake gizani kutokana na sauti ya bibi tu, alikuwa tayari amepitia nusu ya somo. Miongoni mwa waliopita mikononi mwa Trowell ni Gregory Maloba wa Mumias, mchongaji wa mnara wa uhuru wa Kampala. Sam Ntiro wa Machame, ambaye picha yake ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Na Elimo Njau wa Marangu, ambaye katika miaka ya 1950 alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a, Yesu akizaliwa katikati ya vilima vya Wagikuyu. Vilima hivyo katika picha ya Bethlehemu havikutokana na kunakili.

Mtu atasema, na kwa haki, kwamba Trowell alikuwa mwalimu wa kikoloni aliyejipa mamlaka ya kuamua Uafrika ni nini. Ni kweli kwamba Trowell aliwakinga wanafunzi wake na sanaa ya Ulaya kwa kuogopa wangeiga. Aliyemrithi mwaka 1958, Cecil Todd, ndiye aliyeufungua mlango huo. Nadhani Trowell alikosea, na kosa lake ni dhidi ya mbinu yake mwenyewe. Kama ubunifu hulishwa kwa kile kinachosikiwa na kuonwa, kumnyima mwanafunzi chakula kwa jina la kuulinda usafi wake ni kumdhoofisha. Ntiro alikwenda kusoma katika chuo cha sanaa cha Slade, London, katika miaka ya 1950, akarudi na kuendelea kuchora migomba na mashamba ya kahawa kwa namna yake ileile. Hakuhitaji kulindwa.

Pingamizi lililo zito zaidi katika shule zetu ni la umaskini na mtihani: rangi ni ghali, na kisichotahiniwa hakifundishwi. Kenya imeshuhudia yote mawili. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliifanya sanaa na ufundi kuwa somo la mtihani, wazazi wakalalamikia gharama za vifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo likaondolewa kwenye KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na vipindi vyake vikamezwa na hisabati. Sasa sanaa imerudi katika mtaala wa umilisi, na malalamiko ya vifaa yamerudi nayo. Ila tazama tena darasa la Dudley. Sehemu yake kubwa haikugharimu chochote, na iliyobaki inawezekana kwa mkaa na karatasi za gazeti. Kilichokuwa adimu ni mwalimu anayejua kuusimulia mtaa hadi watoto 40 wauone, kisha akanyamaza kwa muda wa kutosha. Mwalimu wa namna hiyo hutayarishwa katika vyuo vya ualimu, na huko ndiko bajeti ya somo hili ingepaswa kuanzia, kabla ya kununua kopo la kwanza la rangi.